Deni la Beti Niliyoshinda

Saa nane usiku Umoja imelala, mimi niko macho. New York ni saa moja jioni na mechi ya besiboli ndiyo inaanza. Sijawahi kushika gongo la besiboli maishani, lakini kuna mwaka nilijua takwimu za warushaji wa Marekani kuliko noti zangu za kampasi.

Kilichonipeleka huko ni kiburi. Kwa besi yetu wasee walikuwa wanabeti soka kwa mapenzi: shabiki wa Arsenal anaweka Arsenal. Mwaka 2017, Samuel Abisai alipopatia mechi 17 na kushinda Sh221 milioni za jakipoti, sote tuliuliza swali moja: huyu jamaa anachambua vipi? Hakuna aliyeuliza ni wangapi walichambua vilevile wakakosa. Mimi nikajiambia, wacha wao wabahatishe, nitatafuta mchezo wa watu wa hesabu. Katika besiboli kila mpira unaorushwa unaandikwa.

Kipimo cha kawaida cha mrushaji ni ERA: kwa wastani wa raundi tisa, anaruhusu pointi ngapi zisizotokana na makosa ya wenzake. Lakini mwaka 2001 Mmarekani anayeitwa Voros McCracken alionyesha kitu cha ajabu. Mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, mrushaji hana usemi mkubwa kama utadakwa ama utaangukia nyasi. Hapo kuna wenzake, na kuna bahati. Ndiyo maana kuna kipimo kingine, FIP, kinachoangalia zaidi yale yaliyo mkononi mwake: wapigaji aliowaondoa kwa kuwakosesha mpira, aliowapa nafasi ya bure, na mipira iliyopigwa ikaruka nje ya ua.

Nilipenda hiyo hesabu kwa sababu ilikuwa na haki ndani yake. Inamhukumu mtu kwa alichorusha, si kwa mahali kilipoangukia. Angalia Jacob deGrom wa New York Mets, mwaka 2018. ERA yake ilikuwa 1.70, akapewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, lakini rekodi yake ilikuwa kushinda mara 10 na kushindwa mara 9. Timu yake haikumfungia pointi za kutosha. Hapo ningepaswa kuelewa kwamba hata ukimjua mrushaji vizuri, bado hujaijua mechi. Tena anayepanga odi amesoma takwimu hizo hizo kabla yako. Akikupa 1.90 kila upande, weka beti 100 za shilingi mia mia na ushinde nusu yake: umetoa 10,000, umerudishiwa 9,500.

Sikuelewa. Mathe huuza mitumba Mutindwa. Muhula ule alinipa karo, 30,000, sehemu yake mkopo wa chama. Nilichukua 15,000 nikaweka kwa mrushaji ambaye FIP yake ilikuwa safi. Tukashinda. Nikalipa karo yote, na faida iliyobaki nikanunua mtungi wa gesi na bale la unga. Nilimwambia nimepata kazi ya kuandika mtandaoni. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda.

Muhula uliofuata nilifanya vilevile. Karo ile ile, 15,000 zile zile, mrushaji wa takwimu karibu zile zile. Mpira mmoja ulipita katikati ya watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ataudaka. Karo haikutimia, mtihani sikufanya, na kampasi sikurudi.

Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Niliposota, nilitembea na hiyo nusu ya pili kama kitambulisho. Nilichambua vizuri, bahati ikanikataa, mnilaumu kwa nini?

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walijadili jambo waliloliita bahati ya kimaadili. Nagel ana mfano wa dereva wa lori aliyezembea kukagua breki. Mtoto akikatiza barabara, dereva amebeba kifo. Asipokatiza, dereva anafika nyumbani, anakula, analala. Hamishia Jogoo Road: mathree mbili, breki mbovu zote mbili, mtoto mmoja. Uzembe ni ule ule, lakini tutamkamata dereva mmoja na kumpa mwingine abiria kesho.

Mimi nilikuwa madereva wote wawili. Na nikijipima kama nilivyowapima warushaji, nikitoa bahati kando, kinachobaki mkononi mwangu ni kitu kimoja: nilichukua pesa za mtu mwingine bila yeye kujua. Nilifanya hivyo sawasawa mara zote mbili. Methali inaongea juu ya kupata na kukosa. Haisemi sufuria ni ya nani.

Utaniambia maisha yote ni kamari. Mathe mwenyewe hununua bale Gikomba likiwa limefungwa. Anaweza kufungua akakuta nguo za kamera, anaweza kukuta matambara. Ni kweli. Lakini anaponunua, hatari ni yake, na mkopo ukiwa wa chama, chama kinajua. Kwa hivyo ubaya wa beti yangu haukuwa kuthubutu. Niliyemweka hatarini alikuwa amelala chumba cha pili, akidhani nasoma.

Mwezi uliopita nilimwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele kuhusu ile beti ya pili. Alinyamaza, akakunja sketi aliyokuwa anapiga pasi, kisha akauliza, "Kwa hivyo ile gesi ilikuwa ya nini?"

"Ni ile ya kwanza, Mama."

"Na mimi nikaenda nikashukuru mbele ya watu."

Sikuwa na jibu. Sasa namlipa kidogo kidogo kila malipo ya makala yakiingia. Anasema nimebakisha deni la 15,000. Mimi kwa daftari langu nimeandika 30,000.