Fundi, Ufa na Toleo Thabiti

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakumtaja fundi ambaye katika kuziba ufa huubomoa ukuta wenyewe. Fundi huyo ndiye anayewahangaisha watunzaji wa programu huria kila wanapoamua ni marekebisho gani yaingie katika toleo thabiti, yaani lile ambalo watu wamekwisha kulitegemea.

Kanuni za kiini cha Linux ni kali: rekebisho liondoe hitilafu ya kweli, lisizidi mistari 100 pamoja na ile inayolizunguka, tena liwe limekwisha kukubaliwa katika msimbo mkuu. Hata hivyo udogo si kinga. Mwaka 2006, katika Debian, mtunzaji mmoja alinyamazisha mistari miwili ya OpenSSL iliyozua maonyo kwenye chombo cha ukaguzi. Nia yake ilikuwa njema, na aliuliza kabla ya kutenda. Badiliko hilo liliingia katika toleo thabiti la Aprili 2007. Lilipogunduliwa Mei 2008, ilibainika kwamba kila aina ya ufunguo wa siri ilikuwa ikichaguliwa kati ya namba 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida huzimaliza zote kwa muda mfupi.

Wengi hutoa hapo hukumu kwamba kukataa ndiko salama. Hukumu hiyo ina kasoro. Tuseme mtunzaji ni Mkenya anayeishi Hässelby, magharibi mwa Stockholm, naye analetewa rekebisho la OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Akilikubali nalo likaleta madhara, jina lake limo katika historia ya msimbo. Akilikataa, muuguzi anayelazimika kuandika vipimo mara mbili kwa sababu ya hitilafu ile hatajua amlaumu nani. Kukataa hakuachi saini. Ndiyo maana tahadhari inayomlinda mtumiaji na ile inayomlinda mwamuzi hufanana mno kwa nje, na pengine mwamuzi mwenyewe hawezi kuzitenganisha mpaka aulize ni nani anayeubeba mzigo wa hitilafu iliyopo.

Wala jibu si kuharakisha. Kwa mtu wa Hässelby, kupakua toleo jipya ni kazi ya dakika chache. Kwa zahanati yenye kompyuta moja na umeme wa kukatikakatika, ni safari ya fundi kutoka mjini. Fundi huyo akifika mara moja kwa mwaka, rekebisho lililokataliwa mwezi mmoja kabla ya safari yake litangoja mwaka mzima.