Deni la Ufagio

Nyumba isiyo na mnyama ni rahisi kufagiwa, lakini si kila nyumba iliyo rahisi kufagiwa ni nyumba yenye heri. Tangu zamani binadamu amewaita wanyama karibu naye: mbwa alinde, paka akomeshe panya, kuku atage, mbuzi na ng'ombe watoe maziwa. Kila mmoja aliingia na faida yake, na nyuma ya faida hiyo aliburura uchafu wake. Hapo ndipo maswali mawili yalipozaliwa. Je, nyumba yaweza kuwa safi hali ina wanyama ndani yake? Na ikiwa yaweza, ni nani apaswaye kuufanya usafi huo? Swali la kwanza ni la ufagio. La pili ni la haki. Watu wengi hulijibu la kwanza wakalisahau la pili, na kwa sababu hiyo hata jibu lao la kwanza halidumu.

Tuchukue mfano wa Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, upande wa kuelekea mpaka wa Narok, ambako Wajaluo, Wakuria na Wamaasai ni majirani. Katika nchi hiyo mifugo ni chakula, ni akiba, tena ni mahari. Usiku unapoingia, kuku huletwa ndani wakafunikwa kwa tenga, na mara nyingine mbuzi au ndama hupewa pembe ya nyumba. Kwa Wamaasai, ndama na wana wa mbuzi walio wachanga hulala chini ya paa moja na wenye nyumba. Hili si jambo la ujinga. Nje kuna mwizi, kuna fisi, na kuna mvua. Amchekaye jirani kwa kumlaza kuku jikoni hajapata kuamka alfajiri akakuta manyoya matupu.

Tena katika nyumba hizo twaona ajabu ifaayo kufikiriwa. Sakafu ya udongo husiribwa kwa mchanganyiko wa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na ikikauka huwa laini, haitoi vumbi, na hufagika vizuri. Mama aliyemaliza kuisiriba husimama mlangoni akaitazama kwa fahari, maana nyumba yake imetakata. Lakini kinyesi kile kile kikirukia chungu cha maziwa, mama yule yule hukimwaga chakula na kukisugua chombo. Kitu ni kimoja, hukumu ni mbili. Huko pwani nako, Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafi hukiosha mara saba chombo kilicholambwa na mbwa, moja ya mara hizo kwa udongo. Lakini paka huingia na kutoka nyumbani kama mwana wa nyumba, wala hapana amwitaye najisi. Basi yaonekana kwamba uchafu, kwa sehemu kubwa, ni kitu kilichokosa mahali pake. Kazi ya usafi ni kukirudisha kila kitu mahali kinapostahili.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kuwa usafi ni desturi tu, na kila watu wana wao. Maradhi hayaulizi kabila wala hayaheshimu desturi. Tumboni mwa kuku huishi vijidudu ambavyo havimdhuru kuku mwenyewe, lakini vikiingia kinywani mwa mtoto humwendesha kwa kuhara. Mtoto atambaaye hana habari ya hukumu zetu; aokotacho hukitia kinywani. Vumbi la sakafu kavu ni kitalu cha funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika ya Kusini na kufika Angola mwaka 1872, kisha akaenea barani hadi Afrika Mashariki, akihamia kwa miguu ya watu na ya wanyama pia. Kwa hiyo sakafu iliyosiribwa vizuri ina hekima, na sakafu iliyoachwa ikapasuka na kujaa vumbi ina hatari, ingawa zote mbili ni za udongo. Umaskini haukatazi usafi, japo huufanya uwe mgumu zaidi.

Liko jambo jingine ambalo elimu imelifunua, nalo latufaa sana. Uchafu mwingi wa wanyama haudhuru siku ile ile utokapo. Kimelea kimoja kitokacho katika choo cha paka, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mamaye, huhitaji siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji muda wa majuma kadhaa yakiwa ardhini. Viroboto nao, wengi wao hawamo katika manyoya ya mnyama. Ni mayai na viluwiluwi vilivyojificha katika vumbi la mahali alalapo. Amwogeshaye mbwa na kukiacha kilalo chake amefanya nusu ya kazi, na ile nusu nyingine itamrudia. Basi uchafu ni kama deni lenye riba. Likilipwa leo ni dogo. Likiachwa hadi mwisho wa mwezi, si deni lile tena.

Wayunani wa kale walisimulia hekaya ya shujaa Herakles, aliyeamriwa kusafisha kwa siku moja zizi la mfalme Augeas, zizi lililojaa ng'ombe na lisilosafishwa miaka 30. Shujaa huyo aligeuza mito miwili ikapita ndani ya zizi na kuzoa kila kitu. Watu humsifu kwa nguvu na akili yake. Lakini hekaya haisemi habari za wale waliokaa upande wa chini wa mito ile, waliokwenda asubuhi na mitungi yao kuteka maji. Kwetu, mto Migori huungana na mto Kuja, na maji yao huishia katika Ziwa Viktoria. Atupaye uchafu wa zizi lake mtoni husema nyumba yake ni safi; kumbe amemtumia jirani, ambaye hamjui, zawadi asiyoiomba. Kuhamisha uchafu si kusafisha. Mwenye zizi angelifagia kila asubuhi, asingalihitaji shujaa wala mto, na samadi ile ingalikuwa mahindi shambani mwake.

Wako wengine wasemao kuwa dawa ni kuwafukuza wanyama. Mbwa amechafua ua, basi na aende zake. Lakini mbwa aliyefukuzwa hatoweki duniani. Amekoma kuwa na bwana, wala hakukoma kuwa mbwa. Hakuna wa kumlisha, na hakuna wa kumpeleka achanjwe. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na mpango wa namna hiyo hutaka walau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Ni nani atakayemshika mbwa asiye na bwana ili achomwe sindano? Aliyemfukuza ameutoa uchafu mdogo uani mwake akauweka msiba mkubwa njiani mwa watoto wa wenziwe. Huko nako ni kuhamisha.

Lakini iko njia ya tatu ya kuhamisha uchafu, nayo ni ya siri kuliko zote kwa kuwa haivuki kizingiti cha mlango. Ni kumpa mwingine ufagio. Katika nyumba nyingi baba ndiye mwenye mbuzi, mvulana ndiye mcheza na mbwa, na msichana ndiye mwenye ufagio. Huamka kabla ya jua, akatoa tenga la kuku, akazoa, akafagia, akateka maji. Kisha hufika darasani amekwisha kufanya kazi ya nusu siku, huku nduguye amefika na kitabu alichokisoma asubuhi. Atakayeisifu nyumba ile kwa unadhifu atamsifu baba.

Yamkini baba atajibu kuwa desturi imegawa kazi, na kwamba yeye naye hutoka jasho shambani ili wote wale. Jibu hilo lina uzito, wala si la kudharauliwa. Kazi hazina budi kugawanywa. Nyumba ambayo kila mtu hufanya kila kitu haina utaratibu. Lakini mgawanyo wa haki hugawa kazi pamoja na matunda yake. Mbuzi akiuzwa, je, aliyemzolea uchafu huulizwa neno? Fedha ikipatikana, je, karo yake huhesabiwa kwanza au mwisho? Ikiwa faida ina bwana mmoja na taabu ina mtumwa mmoja, huo si mgawanyo, ni unyang'anyi uliovaa kanzu ya desturi. Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Apendaye mnyama na apende na ufagio wake.

Mnyama mwenyewe hana lawama yoyote. Hakuomba kuletwa nyumbani, wala hajui maana ya sakafu. Kumpiga mbwa kwa sababu ya tope la miguu yake ni kumtoza faini asiyejua sheria. Sisi ndio tulioandika mapatano hayo, tukajipa ulinzi, maziwa na mayai. Haifai tuyasome upande wa faida tu. Amfugaye mnyama amekubali mambo mawili kwa neno moja.

Kwa kijana asomaye haya, wajibu huu si mzito. Kuku na wapewe kibanda chao panapowezekana. Pasipowezekana, walale mahali pamoja palipotandikwa majani na majivu, yatolewe kila asubuhi. Mtoto mchanga atandikiwe mkeka, asitambae walipolala. Kinyesi kiende shimoni au shambani, kisiende mtoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula. Na mvulana ampendaye mbwa wake amfagilie kilalo kwa mkono wake mwenyewe, bila ya kungoja kuambiwa na bila ya kungoja sifa.

Nyumba ya namna hiyo huenda ikawa na alama za kwato mlangoni na unyoya mmoja chini ya kiti. Lakini jirani wa chini ya mto hanywi uchafu wake, mtoto wake hali uchafu wake, na hapana binti aliyenyimwa asubuhi yake kwa ajili ya usafi wake. Hiyo ni nyumba safi. Nyingine, hata iking'aa, ujue imeficha uchafu wake mikononi mwa mtu.