Wewe Ndiye Mwandishi wa Deni: Nasaha Kuhusu Simu za Mkopo

  

Ndugu wa kamati ya da'awa waliniomba niandike juu ya madeni. Nilikuwa nimeandaa mada iliyopangika vizuri, aya juu na hadithi chini, kama tunavyojibu mtihani. Nimeiacha. Nitaeleza jambo lililotokea Jinja wakati wa likizo, kwa sababu mkono wangu umo ndani yake.

Mama yangu mdogo ni mfanyabiashara wa mukene. Ananunua Masese, pale boti zinapotua, kisha magunia anayapakia kwenye gari kuja huku Mbale kwa wateja wake sokoni. Biashara yake yote iko kwenye simu: bei ya asubuhi, picha ya mzigo, pesa kutumwa. Basi duka moja pale Jinja likamletea yeye na wenzake wanne mpango uliopendeza. Kila mmoja atapewa simu janja, bando la kila mwezi kwa mwaka mzima, na simu ikiharibika duka litaitengeneza bure. Unatoa shilingi 120,000 za kuanzia, kisha 2,500 kila siku kwa siku 365. Pesa ya kulilipa duka inatoka kwa kampuni nyingine ya mikopo, na hiyo kampuni ndiyo utakayokuwa ukiilipa kila siku. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, ndani ya simu ya wakala, kurasa nyingi za herufi ndogo. Mama mdogo alinipa ile simu akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu, niangalizie." Nikaangalia. Ukweli ni kwamba nilipitisha kidole haraka haraka mpaka chini, nikaona bei, nikaona siku, nikamwambia, "Hakuna riba hapa mama, ni mauzo ya kulipa kidogo kidogo tu." Na kitufe cha kukubali nikakibonyeza mimi. Wenzake wanne walipoona mtoto wa chuo cha Kiislamu amekubali, nao wakakubali.

Mwezi wa tano duka likafungwa. Mwenye duka hapatikani na mlango una makufuli mawili. Bando halikuja tena. Wawili kati ya wale kina mama walikuwa wamepeleka simu zao kutengenezwa, na simu zimebaki humo humo ndani au zimeondoka na mwenyewe, Mungu ndiye ajuaye. Walipopiga simu kwenye kampuni ya mikopo, jibu lilikuwa fupi: sisi tulilipa pesa ya simu, habari za bando na matengenezo muulizeni duka, na msiache kulipa. Hesabu yao ni hii: kila mmoja ameshatoa 495,000, na amebakiwa na 537,500. Simu ile ile, siku ile waliyokubali, taslimu ilikuwa 620,000.

Ndipo nikarudi kuusoma ule mkataba kwa dhati, jambo ambalo lilikuwa wajibu wangu tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa mbali kulikuwa na sentensi moja: mteja anakubali kwamba kampuni inayotoa pesa haihusiki na ubora wa simu, wala bando, wala matengenezo, na kwamba malipo yataendelea hata kama muuzaji ameshindwa kazi. Nilibonyeza kukubali juu ya maneno hayo.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na wengi wetu tumeihifadhi. Inahusu nini? Haihusu pepo wala moto. Inahusu kuandika deni. Mwenyezi Mungu ameagiza deni la muda liandikwe, aliandike mwandishi kwa uadilifu, na mwandishi asikatae kuandika kama Mola alivyomfundisha. Kisha akamtaja mdaiwa asiyeweza kuimlisha mwenyewe, akaagiza msimamizi wake amfanyie hivyo kwa uadilifu. Nilisoma tafsiri ya aya hii darasani hapa Nkoma na nikapata alama nzuri. Lakini siku aya yenyewe ilipokuja mikononi mwangu ikiwa ndani ya simu ya wakala, sikuitambua. Katika familia zetu za Busoga, Bugisu na Bukedi, mwandishi anayetajwa pale ni wewe. Ndiye unayepewa karatasi ya benki, fomu ya hospitali, mkataba wa boda boda wa kaka yako. Kusema "mimi nasoma usul, si sheria za biashara" hakukuondolei amana hiyo.

Sasa tuingie kwenye hukumu yenyewe, maana hapa watu huharakisha kusema. Mmoja wa marafiki zangu alipoisikia habari hii alisema papo hapo, "Ni riba, wasilipe hata senti." Mwingine akasema, "Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzo wa Suratul-Maida tutimize mikataba, walipe yote." Naona wote wawili wamekata njia ya mkato.

Kuuza kwa bei ya juu kwa sababu malipo ni ya baadaye, jamhuri ya wanazuoni wameruhusu, ikiwa bei ni moja iliyokubaliwa na haiongezeki mtu akichelewa. Kwa hiyo 1,032,500 dhidi ya 620,000 inauma mfukoni, lakini ukubwa wa tofauti peke yake haugeuzi mauzo kuwa riba. Swali la kuuliza ni jingine: aliyeuza ni nani? Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) tumepokea katazo la kuuza chakula kabla ya kukipokea. Na iko hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Sunan Abi Dawud ambayo mafakihi wameifanya kanuni, kwamba faida huenda na dhamana: anayestahili kula faida ya kitu ni yule ambaye kitu hicho kikiharibika hasara ni yake. Benki ya Kiislamu ikifanya murabaha kwa usahihi, huinunua bidhaa kwanza, ikawa mali yake na hatari yake hata kama ni kwa saa moja, ndipo ikuuzie.

Itazame ile sentensi ya ukurasa wa mbali kwa kanuni hiyo. Kampuni haijashika simu, haijabeba hatari ya simu, na imeandika wazi kwamba haitaki kuibeba. Inataka faida ya muuzaji na usalama wa mkopeshaji kwa pamoja. Akishakosa kuwa muuzaji, amebaki kuwa mtu aliyetoa pesa ili arudishiwe pesa zaidi, na hiyo tunaijua jina lake. Hapo ndipo "hakuna riba hapa mama" yangu ilipokuwa fatwa ya mtu asiyesoma.

Lakini je, wale kina mama watatu ambao simu zao zinafanya kazi waache kulipa? Hapana. Simu wanayo, wanaitumia, na thamani yake iko shingoni mwao. Mtume (S.A.W.) alijikinga kwa Mola wake na deni, na alipoulizwa sababu, akaeleza kwamba mwenye deni husema akadanganya na huahidi akavunja. Na hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda: wako mafundi mjini wanaofungua simu zilizofungwa kwa sababu ya deni, na wako wanafunzi wenzetu wanaowapelekea wateja. Kuvunja kufuli la simu ambayo hujamaliza bei yake, ukaendelea kuitumia, ni kula mali ya mtu. Dhulma ya kampuni haihalalishi ya kwako.

Bando na matengenezo ni habari nyingine. Katika Sahih Muslim, Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea kwamba ukimuuzia ndugu yako matunda kisha yakapigwa na janga, si halali kwako kuchukua chochote kwake, na Mtume akauliza ni kwa haki gani utachukua mali ya ndugu yako. Imam Malik na Imam Ahmad wamechukua hadithi hii kwa dhahiri yake: muuzaji apunguze bei, na Malik akaweka kiwango cha theluthi kwa matunda. Abu Hanifa, na Imam Shafi katika kauli yake mpya, wameona kwamba muuzaji akishamwachia mnunuzi mti, hasara ni ya mnunuzi, na kupunguza ni jambo linalopendekezwa tu. Wengi wetu hapa Afrika Mashariki ni Mashafi, na najua atakayesimama kuniambia hivyo baada ya sala. Basi asubiri kidogo. Bando la miezi saba iliyobaki halikuwahi kuachiwa mtu. Ni huduma ambayo haijatolewa, na kwenye huduma Mashafi wenyewe wako wazi: nyumba uliyopanga ikibomoka katikati ya mwaka, kodi ya muda uliobaki inaanguka, mnyama uliyemkodi akifa njiani, unalipa masafa uliyokwenda. Kwenye karatasi yao bando lilithaminiwa 15,000 kwa mwezi. Miezi saba ni 105,000. Fedha hizo sioni kwa haki gani zichukuliwe kwa mwanamke wa Masese.

Wale wawili ambao simu zao zimepotea dukani kesi yao ni ngumu zaidi, nami nakiri hivyo. Fundi aliyepokea kitu cha watu kwa kazi anakidhamini, na mdaiwa wao wa kwanza ni mwenye duka aliyetoweka. Lakini kampuni ilimchagua duka hilo, ilitumia wakala wake, na ahadi ya matengenezo ilikuwa sehemu ya bei inayoidai. Mimi naona wana hoja ya kuwekwa meza moja na kampuni hiyo. Wallahu a'lam, na mashekhe wetu wanisahihishe.

Tusidhani pia kwamba muuzaji kuanguka ni jambo la nadra, kana kwamba kampuni ni mlima Wanale. Uganda Telecom iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2017. Africell, iliyoinunua Orange Uganda mwaka 2014, ilifunga huduma zake hapa nchini tarehe 7 Oktoba 2021, na mwenye duka aliyekuwa ameandika namba ya 079 ukutani ilibidi atafute rangi na brashi. Ikiwa hao wakubwa wanaondoka, duka la chumba kimoja litaahidi nini kwa mwaka mzima? Swali la "na nyinyi mkifunga, itakuwaje?" ni la kuulizwa kabla ya kidole kugusa kioo, na jibu liandikwe.

Na nyinyi mnaofanya uwakala wa simu hizi wakati wa likizo, kwa kamisheni ya kila mteja: sikukatazeni kutafuta riziki. Lakini ukurasa ule wa mbali mmewahi kumsomea mteja kwa Kisoga au Kigisu? Mjue pia uzito wa dhamana. Jeneza liliposogezwa na ikajulikana maiti ana deni la dinari tatu, Mtume (S.A.W.) hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Wapo kati yetu walioandika majina yao kuwa wadhamini wa mikataba mitano, sita, ya watu wasiowajua nyumbani kwao, eti ni kujaza nafasi kwenye fomu.

Kuna hadithi ya pili katika Sahih Muslim, ya Abu Said al-Khudri (R.A.), ambayo Mashafi wanaitolea hoja katika mas'ala haya haya. Mtu mmoja alinunua matunda, yakaharibika, madeni yakamzidi. Mtume (S.A.W.) akawaambia watu wamtolee sadaka. Wakatoa, haikutosha. Akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na hawana zaidi ya hicho. Nimekaa na hadithi hii siku nyingi. Hata kwa madhehebu yanayosema hasara ni ya mnunuzi, hakuachwa peke yake: watu walichangishwa kwanza, wadai wakaambiwa waishie pale. Na wenye madeni, al-gharimin, wametajwa kwa jina miongoni mwa watu wanane wa zaka katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Sisi tunachangisha kwa ajili ya futari na fulana za jumuiya, na ni vizuri. Sikumbuki tumewahi kuchangisha kwa ajili ya gharimu mmoja.

Kilichofanyika mpaka sasa ni kidogo. Nimewaandikia kina mama wale barua kwa kampuni, wametia saini wote watano, wakiomba mambo matatu: bando litolewe kwenye deni, simu mbili zisitishwe malipo mpaka suala lake lijulikane, na wanaochelewa wapewe muda kama aya ya 280 ya sura ile ile ilivyoelekeza kwa mdaiwa aliye katika dhiki. Ndugu mmoja anayesoma sheria ameahidi kuipitia kwa Sheria ya Mikataba ya 2010 na ile ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, maana haki haidaiwi kwa hadithi peke yake mbele ya kampuni. Wakati tunasubiri jibu, simu ya mama mdogo ilijifunga Jumamosi alfajiri, gari likiwa tayari limepakia, na mteja wa Mbale akanunua kwa mtu mwingine.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwani mwanangu, pale uliposoma, hukuliona?" Nikamwambia nililipita.

Ijumaa hii baada ya sala tutakaa kwenye ngazi za msikiti wa chuo. Mwenye mkataba wa mzazi wake, wa simu, wa sola, wa pikipiki, au alioutilia saini yeye kama mdhamini, aulete tuusome pamoja mpaka ukurasa wa mwisho, hata ikitufikia Alasiri. Sanduku la gharimin litakuwa pale pale mlangoni. Mama mdogo anakuja na mzigo Jumamosi, na amesema atabeba nakala za wenzake wote wanne.