Mgeni na Mlango

Nyumba isiyo na mlango si nyumba. Ikiwa ukuta wake ni mzima pande zote nne, aliye ndani ni mfungwa. Na ikiwa upande mmoja u wazi daima, aliye ndani hana usiku wa kulala kwa amani. Ndiyo maana watu wa kila zama waliojenga nyumba waliweka mlango, na katika mlango wakaweka komeo. Mlango una kazi mbili zinazopingana, kufunguka na kufungwa, na hekima ya mwenye nyumba hujulikana kwa namna anavyotambua wakati wa kila moja.

Nchi nazo zina milango. Huko Namanga, Busia na Malaba, na katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa, umepata kuona au kusikia habari za watu waliojipanga safu, pasipoti mkononi, wakingojea muhuri. Siku moja, msomaji, huenda nawe ukasimama katika safu hiyo. Huenda ukaenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi, ukakaa huko miaka mingi. Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: mgeni akaaye katika nchi ya watu ana wajibu gani kwa mlango wa nchi hiyo, na mlango nao una wajibu gani kwake? Tena, ikiwa sheria ya mlango yaonekana kupungukiwa na haki, je, ni halali kuipita kwa uongo?

Mlango wa nchi haukuwa kama ulivyo leo siku zote. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, alikuta desturi ya pekee. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, na kila mmoja akamchagua mfanyabiashara mmoja na kusema kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji akamsimamia katika kununua na kuuza. Hiyo ndiyo iliyokuwa viza ya zama zile: mtu kumdhamini mtu. Hata katika Ulaya, kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1914, watu wengi walivuka mipaka mingi bila pasipoti. Vita vilileta hofu ya majasusi, na hofu ikaleta karatasi. Mwaka 1920 mataifa yalikutana Paris, yakapatana juu ya namna moja ya kitabu cha pasipoti. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini karatasi zilibaki.

Yafaa tujue maana ya karatasi hizo kabla ya kuzihukumu. Pasipoti ni ushahidi wa nchi yako kwamba wewe ni wake na kwamba itakupokea urudipo. Viza hutolewa na nchi ya watu, na aghalabu si ruhusa ya kuingia bali ni ruhusa ya kubisha hodi, kwa maana ofisa aliye mlangoni bado aweza kukuuliza wakwendea nini, utakaa wapi na utarudi lini. Kibali cha kukaa na kufanya kazi ni jambo jingine tena. Katika nchi za Ulaya zilizounganishwa na mapatano ya Schengen, yaliyotiwa sahihi mwaka 1985, mgeni wa matembezi aweza kukaa siku 90 katika kila siku 180, wala asizidishe. Na ajapo kwa matembezi hana ruhusa ya kushika kazi. Tofauti hizi si mchezo wa makarani. Kila karatasi ni ahadi ya pande mbili: mwenye nyumba aahidi kutomfukuza mgeni katika muda uliotajwa, na mgeni aahidi kufanya lile alilosema amekuja kulifanya.

Sasa nitakusimulia jambo langu mwenyewe, si kwa kuwa lina fahari, bali kwa kuwa ndilo lililonifundisha ninayoyaandika hapa.

Nilipata kufanya kazi miaka kadhaa katika mji mmoja wa Ulaya. Mwaka wa pili kibali changu kilikaribia kwisha, nikakipeleka katika ofisi ya wageni kifanywe upya. Nikapewa karatasi ndogo ya kungojea. Karatasi ile ilinihalalishia kukaa na kufanya kazi, lakini ilikuwa na sharti moja: nikitoka katika nchi hiyo, haitaniruhusu kurudi. Juma lile lile nikaletewa habari kutoka nyumbani kwamba Baba ni mgonjwa sana na kwamba ataja jina langu.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa kwetu, aliyenitangulia huko miaka mingi. Nikamwendea kwa shauri. "Ndugu yangu," akaniambia, "nenda ukamwone Mzee. Ukiwa huko omba viza ya matembezi. Fomu itakuuliza waja kufanya nini, andika matembezi. Ukishaingia utarudi kazini kwako, na nani atajua?"

Nikamwambia kuwa huo ni uongo. Hakukasirika. Alinijibu kwa maneno ambayo sijapata kuyadharau mpaka leo, nawe usiyadharau. Alisema kwamba mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana mstari utokao mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, hadi ziwa la Viktoria, ukizunguka Kilimanjaro, wala hawakumwuliza Mdigo, Mmaasai wala Mkuria, ambao mstari uliwagawa pande mbili. Alisema kwamba wenyeji wa nchi ile tuliyokuwamo, wakitaka kuja kwetu, hujaza fomu wakiwa wameketi vitini mwao, wakalipa ada, wakaja. Na sisi tukitaka kwenda kwao twadaiwa hesabu za benki, barua ya mwajiri, bima, na ushahidi kwamba tutarudi, kisha tukikataliwa ada hairudi. "Sheria iliyotungwa bila mimi na kwa hofu ya mimi," akasema, "haina haki ya kudai ukweli wangu."

Hoja hii ina nguvu, na mtu mwaminifu hana budi kuipima. Ni kweli kwamba pasipoti za watu hazilingani. Mtoto azaliwaye upande mmoja wa mstari hupata ufunguo wa milango mingi, na mwenziwe azaliwaye upande wa pili hupata wa michache, na wote wawili hawakufanya jambo lolote la kustahili thawabu au adhabu. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba, kwa kuwa dunia ni mviringo na watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, hawana budi kuvumiliana. Na mgeni afikapo katika nchi ya watu ana haki ya kutotendewa kama adui. Lakini yeye huyo aliongeza kuwa hiyo ni haki ya kuzuru, siyo haki ya kukaa. Kukaa kwahitaji mapatano. Na mapatano hayasimami juu ya uongo, kama vile nyumba isivyosimama juu ya maji.

Basi nilitenganisha mambo mawili ambayo rafiki yangu aliyafunga pamoja. Kuna mtu akimbiaye kifo, na kuna mtu atafutaye faida. Yule wa kwanza hawezi kungojea muhuri, na walimwengu wamekwisha kulitambua jambo hilo. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen wa Norway alianzisha pasipoti kwa ajili ya wakimbizi wa Urusi ambao hawakuwa na nchi ya kuwapa nyingine. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 wakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila idhini, ikiwa atoka moja kwa moja mahali pa hatari na ajitokeza bila kuchelewa kwa wenye mamlaka. Angalia sharti hilo vizuri: hata yeye, aliyevunja mlango kwa kuokoa roho, atakiwa aseme kweli mara afikapo. Mimi sikuwa mkimbizi. Nilikuwa mtu mwenye mshahara mwema, niliyetaka kumwona Baba na kuushika mshahara wangu pia. Lau ningeandika neno "matembezi", nisingekuwa nimeiadhibu sheria iliyopungukiwa na haki. Ningekuwa nimempunja mwombaji wa kesho. Kila uongo ugundulikao mlangoni huongeza swali moja katika fomu, na swali hilo huulizwa kijana wa nchi hiyo hiyo ya mwongo, ambaye hakusema uongo wowote.

Sikuandika neno lile. Niliandika barua kwa ofisi, nikaeleza ugonjwa wa Baba, nikaomba ruhusa ya kutoka na kurudi. Kisha nikangoja. Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa, nalo lilikuwa la kunikubalia. Baba alikuwa amezikwa siku ya kumi na moja.

Usidhani nimekuletea hadithi hii ili nikuambie kuwa kweli hulipa. Mara nyingine hulipa, na mara nyingine hutoza. Kwa muda mrefu niliichukia ofisi ile. Nilisema mbele za watu kwamba mlango wa wageni ulinizuia kumzika baba yangu, na watu walinihurumia, nami nilipenda kuhurumiwa. Kisha usiku mmoja nilisoma Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, nikakuta katika kifungu cha 13 kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, na ana haki ya kurudi katika nchi yake. Nikafunga kitabu. Hakuna ofisa aliyenizuia kutoka. Ndege zilikuwa zikiruka kila siku, na pasipoti yangu ilikuwa nzima. Mlango ulioning'ang'ania haukuwa wa kwendea kwetu, bali wa kurudia kazini. Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi niliyaogopa marejeo. Rafiki yangu alinionyesha njia ya uongo, nikaikataa, nikajiona mwema. Lakini palikuwa na njia ya tatu: kwenda, kusema kweli, na kupoteza kazi ikiwa hapana budi. Njia hiyo sikuikataa, sikuitazama kabisa.

Hili ndilo fundisho ambalo nataka ulichukue, msomaji. Mtu aishiye ugenini hujifunza kuhesabu siku, kutunza karatasi, kuomba mapema kabla muda haujapita, na kutosaini asichokielewa. Yote hayo ni mema, na mgeni asiyeyafanya hujitia matatani na kuwatia wengine. Lakini mlango wa nchi waweza kuwa kisingizio. Mtu huweza kuulaumu kwa uchaguzi alioufanya moyo wake. Kabla hujasema, "Walinizuia," jiulize kwanza kama walikuzuia wao, au kama ulipima vitu viwili ukauona huu mzito kuliko ule.

Na mlango, je, hauna deni? Unalo. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza, lakini hana haki ya kudharau. Ana haki ya kukataa, lakini yampasa aeleze sababu na ajibu upesi, kwa kuwa siku 19 za karani si siku 19 za mwana wa mgonjwa. Sheria isiyotofautisha mwenye msiba na mwenye hila ni sheria yenye jicho moja. Adaiye ukweli kwa mgeni naye amelipia ukweli huo kwa haki. Asipoilipa, huwafundisha watu uongo, kisha huwaadhibu kwa kuujua.

Wala tusiyaseme haya kwa kuwatazama Wazungu peke yao. Sisi pia tu wenye mlango. Mwaka 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983, na wakati wote huo ndugu walikuwa ndugu upande huu na upande ule. Mwaka 2010 mapatano ya soko la pamoja la Afrika ya Mashariki yalianza kutumika, na mlango ukalegezwa. Tangu mwaka 1991 huko Dadaab, na tangu mwaka 1992 huko Kakuma, tumewapokea watu waliokimbia vita, na wako waliozaliwa na kukua humo bila kujua kwao kwingine. Mmoja wenu asomaye insha hii huenda akawa ofisa wa uhamiaji, akaketi nyuma ya dirisha na muhuri mkononi. Atakapofika mbele yake mtu mwenye macho mekundu na karatasi isiyotimia, namwomba akumbuke kwamba sheria imempa muhuri, lakini haikumkataza kumwuliza mtu huyo, kabla ya neno lolote jingine, kama kuna mgonjwa nyumbani.

Na mmoja wenu huenda akawa mgeni. Kwake nina neno moja tu. Sema kweli mlangoni, hata mlango ukiwa hauna adabu. Lakini sema kweli na moyoni mwako pia, maana huko ndiko nilikoshindwa mimi.