Anayekuomba ushauri amekuamini

Ndugu Waislamu, mjane wa kijijini Ngara au Biharamulo amedhulumiwa shamba la marehemu mumewe. Anateremka kwenye basi, anakuuliza wewe wa mjini: wakili gani ni mwema? Unampeleka kwa yule anayekukatia chako. Wewe unaiita chai. Yeye ameuza mbuzi, na chai yako imo ndani ya ada anayotozwa.

Udalali wa wazi, wenye ujira unaojulikana, si haramu. Lakini Mtume (S.A.W.) alikataza kuiwahi misafara njiani kabla haijafika sokoni na kujua bei. Tena alifundisha kuwa anayeombwa ushauri ameaminiwa. Kuuza ushauri huo kwa siri ni khiyana.

Hata maadili ya uwakili nchini yanakataza kununua wateja kupitia vishoka. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka msaada wa bure kwa asiye na uwezo. Basi mwelekeze huko.

Tumche Allah. Siku ya Kiyama mjane huyo atadai haki yake, nawe hutapata wakili wa kukutetea.