Boga na Ua Lake

Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Aghalabu methali hii hutumiwa katika mambo ya ndoa: anayempenda mama hana budi kuwapenda na watoto aliokuja nao. Mimi napenda kuisogeza mbali kidogo, mpaka kwa wafugaji, hasa wafugaji wa farasi wa mashindano. Swali langu ni hili: mtu anapochagua dume na jike wa kuzalisha farasi wa mbio au wa kuruka viunzi, je, anawajibika kwa lile alilolitaka tu, au pia kwa lile lililokuja pamoja nalo bila kuitwa?

Huenda msomaji akashangaa. Hapa Mitwero, karibu na mji wa Lindi, farasi ni mnyama wa kuonekana katika picha. Sisi tuna mbuzi, kuku na mikorosho. Lakini kuchagua tunakujua. Ni nani huku kwetu asiyewahi kumwacha jogoo mrefu wa kuchi awe wa mbegu, na kumchinja yule mfupi? Mwenye jogoo na mwenye farasi wametofautiana kwa fedha na kwa unene wa daftari. Kazi yao ni moja.

Tena farasi si mgeni kabisa katika historia yetu. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyoitwa Sultanah, ilifika New York ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi alizochukua kwa ajili ya Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Zawadi ya namna hiyo hupimwa kwa nasaba: baba ni nani, na baba wa baba ni nani.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuipenda nasaba hiyo kabla ya hapo. Farasi wa mbio wa leo, hata wale wa uwanja wa Ngong kule Nairobi, kwa upande wa baba hurudi kwa madume watatu tu walioingizwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki ya Kati, mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Zaidi ya 9 katika kila 10 humfikia mmoja wao, Darley Arabian. Kitabu cha nasaba yao kilianza kuchapishwa mwaka 1791, na baadaye mlango ukafungwa: ambaye wazazi wake hawamo kitabuni, naye hamo. Kwa farasi wa kuruka viunzi mambo ni mengine, kwani mbegu ya dume huweza kugandishwa na kusafirishwa, hata dume mmoja akapata watoto mamia bila kutoka zizini.

Faida yake inaonekana: kasi, urefu wa hatua, wepesi wa kuruka. Lakini urithi haumpi mtu sifa moja akaiacha nyingine mlangoni. Kila mnyama hupokea jeni, yaani chembe za urithi, mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Chembe mbovu huweza kujificha nyuma ya nzima vizazi vingi. Ndugu wakioanishwa na ndugu, au dume mmoja akienezwa kila mahali, siku moja chembe mbovu mbili hukutana.

Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa wa namna hiyo. Mtoto huzaliwa akiwa mzuri wa kutazama, lakini mwili wake hauna uwezo wa kujitengenezea kinga. Kinga aliyoipata katika maziwa ya mama ikiisha, maradhi humwandama, na kabla ya kutimiza miezi mitano huwa amekufa. Wazazi wote wawili ni wazima. Kila mmoja amebeba chembe moja tu. Wakizaa pamoja, kila mtoto ana bahati mbaya ya 1 kwa 4.

Kisa cha Marekani ni kizito zaidi. Dume aliyeitwa Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, alishinda katika maonyesho ya umbo kwa misuli yake mikubwa. Majike wengi wakapelekwa kwake. Baadaye ikajulikana kuwa wazao wake wengi walirithi hitilafu ya misuli inayowatetemesha na pengine kuwaangusha chini. Hapa chembe moja ilitosha. Mwaka 1992 chembe yenyewe ikatambuliwa. Hata hivyo, chama cha nasaba kilianza kukataa kuandikisha watoto waliorithi chembe mbili za hitilafu hiyo kuanzia wale waliozaliwa mwaka 2007. Ni miaka 15. Katika miaka hiyo hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Wapo watakaosema: hata porini wanyama huzaliwa na kasoro na kufa. Ni kweli. Lakini pori haliandiki daftari, wala halitoi kikombe kwa mshindi. Wengine watasema kwa werevu zaidi: bila uchaguzi wa binadamu farasi huyu asingezaliwa kabisa, basi atalalamikia nini? Hoja hii ilinisumbua kwa muda. Lakini tazama mwenye nyumba anayempangisha mtu chumba chenye ukuta wenye ufa. Ukuta ukimwangukia mpangaji, hatukubali mwenye nyumba ajitetee kwamba bila chumba kile mtu huyo angelala nje. Aliujua ufa, akapokea kodi.

Kwa hiyo naona wajibu hukua pamoja na ujuzi. Mfugaji wa zamani aliyeona mtoto wa farasi akifa alistahili kupewa pole. Wa leo, mwenye kipimo cha damu mkononi, ana la kujibu. Wala hakutakiwa jambo kubwa: kwa ule ugonjwa wa Waarabu kipimo kimekuwapo tangu mwaka 1997, na mwenye kubeba chembe hana haja ya kuuawa wala kuhasiwa. Inatosha asioanishwa na mbebaji mwenzake.

Nasi huku tusijione tumesalimika. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga karibu kila siku, lakini hamu ya kuatamia imekwisha kuondolewa katika damu yake. Wa nyama hunenepa upesi hata miguu ikashindwa kumbeba. Tulilipenda boga, na ua ndilo hilo. Anayeletewa mbegu mpya ya jogoo asiulize uzito peke yake. Aulize na vifaranga wangapi walikufa, na vilema walikuwa wangapi. Na anayeshangilia farasi wa kwanza kufika, si vibaya akauliza habari za ndugu zake ambao hawakufika uwanjani.