Mikono Ilikuambia Nini?

Sijawahi kuketi ndani ya Porsche 911. Nimewahi kuiona moja tu kwa karibu, imekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way nyuma ya matatu, ikinguruma kama mtu aliyechelewa kazini. Lakini ukinipa usiku mmoja na bando za kutosha, nitakuandikia maneno elfu moja kuhusu usukani wake, na utaapa viganja vyangu bado vina joto.

Najua kwa sababu nilishafanya hivyo. Ilikuwa 2019, miezi michache baada ya kuacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, na kurudi nyumbani bila cheti kulikuwa kumenishinda zaidi. Nikapata tovuti ya ng'ambo iliyolipa kwa neno. Kizazi kipya cha 911, ambacho wapenzi wa magari hukiita 992, kilikuwa kimezinduliwa Los Angeles mnamo Novemba 2018, na mhariri alitaka makala ya jinsi gari hilo linavyoendeshwa, hasa usukani. Maagizo yalikuwa mafupi: andika kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ulikuwa ndani.

Sikuona ubaya. Nilishawaandikia wanafunzi wa Uingereza insha za uuguzi, mimi ambaye sijui hata kupima presha. Usukani ni nini?

Kumbe usukani ni stori ndefu. Tangu 1963, injini ya 911 hukaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Pua ni nyepesi, kwa hiyo mikono ya dereva huwa na kazi ya kusikiliza magurudumu ya mbele yanashika barabara kiasi gani. Kwa miaka mingi watu walilisifu gari hili kwa sababu hiyo: usukani wake unaongea. Halafu mwaka 2011 kikaja kizazi cha 991, na Porsche wakaondoa mfumo wa haidroli na kuweka wa umeme.

Tofauti si ngumu kuelewa. Katika haidroli, pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta yanayokusaidia kukata kona. Pampu hiyo huzunguka hata ukienda moja kwa moja, na hivyo inakula petroli bure. Katika mfumo wa umeme, sensa hupima nguvu ya mkono wako, kompyuta hupiga hesabu, kisha mota husaidia pale tu inapohitajika. Petroli inaokolewa. Lakini sasa kuna karani kati yako na barabara. Mtikisiko unaosumbua anaweza kuuzima, na ule anaouona wa maana akauruhusu upite. Waandishi wengi wa magari walilalamika kwamba 991 inalenga kona kwa usahihi lakini imekuwa kimya. Ilipokuja 992, wengi wakasema sauti imeanza kurudi, ingawa mfumo ni ule ule wa umeme.

Nilisoma yote hayo usiku mmoja. Asubuhi nikaandika: "Nilipoingia kona ya kwanza, nilihisi lami ikipanda hadi kwenye vidole vyangu." Mhariri aliipenda. Nililipwa, nikalipa kodi ya nyumba, zikabaki za kununua gesi.

Wikendi hiyo nilimtembelea mjomba wangu Naivasha. Anko amesafirisha kabichi na viazi kuleta Nairobi tangu nikiwa mtoto, na ndiye aliyenifunza kuendesha, kwa pikapu ya Datsun 1200 isiyo na msaada wowote kwenye stelingi. Nilijivunia makala yangu, nikamtafsiria kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Na kwa mvua je? Mikono ilikuambia nini?"

Hilo nilikuwa nimelisoma. Nikamwambia 992 ina sensa ndani ya matao ya magurudumu ya mbele, zinasikiliza maji yanavyorushwa na tairi. Zikisikia barabara imelowa sana, gari linamwonya dereva abadilishe hali ya uendeshaji.

Anko akacheka. "Sawa, gari imesikia. Sasa wewe, mpwa wangu, ulisikia nini?"

Nikanyamaza. Hakunigombeza. Alinimiminia chai na kuanza kulalamikia bei ya mbolea.

Tangu siku hiyo nimejitetea kwa njia tatu, zote kichwani mwangu.

Utetezi wa kwanza ni kwamba kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli. Sikubuni tabia yoyote ya gari. Kila sentensi ilitoka kwa mtu aliyeendesha. Lakini wahenga wetu walishaligusa hili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna mambo yanayopitishwa mdomo kwa mdomo bila kupungua. Kwamba 911 ilizaliwa 1963 ni kweli hata nikiwa nimelala. Lakini "nilihisi" si habari za gari, ni habari zangu. Mahakamani shahidi akianza na "niliambiwa", wakili wa upande wa pili husimama. Na ubaya wake ni wa hesabu: mtu mmoja akiliendesha gari, halafu kumi kama mimi wakamnakili kwa nafsi ya kwanza, msomaji ataona mashahidi kumi na mmoja. Yule mmoja akiwa amekosea, nani atamrekebisha? Sisi kumi tumeshamthibitisha.

Utetezi wa pili ni kwamba waandishi wa riwaya hufanya hivyo kila siku. Kweli, lakini msomaji wa riwaya ameingia kwenye mchezo akijua sheria zake. Msomaji wangu alikuwa na pesa mkononi, anataka kujua aziweke wapi.

Utetezi wa tatu ndio ulioninyima usingizi. Kama usukani wenyewe umechujwa na kompyuta, huyo dereva halisi naye anahisi nini? Mhandisi kule Ujerumani ameamua tetemeko gani limfikie. Dereva anasema "nilihisi barabara", kumbe amehisi muhtasari wa barabara. Sasa tofauti yetu iko wapi? Yeye amesimuliwa na mota, mimi nimesimuliwa na intaneti.

Mwaka 1982 mwanafalsafa Frank Jackson wa Australia alitunga kisa cha Mary, mwanasayansi anayejua kila jambo la kisayansi kuhusu rangi, lakini ameishi maisha yake yote katika chumba cha nyeusi na nyeupe. Jackson akauliza: siku Mary atakapotoka na kuona rangi nyekundu, atajifunza kitu kipya? Watu wamebishana tangu hapo. Mimi, Mary wa Waiyaki Way, nina swali la pembeni: je, kabla hajatoka, Mary ana haki ya kuandika "nyekundu ilinigusa moyo", halafu alipwe?

Jibu nililofikia halimo kwenye kuhisi kwenyewe. Limo kwenye gharama. Dereva wa 992, hata kama karani wa umeme amemchujia habari, bado mwili wake uko ndani ya gari. Usukani ukimdanganya, ni yeye atakayeingia mtaroni. Anasema "nilihisi" akiwa ameweka kitu rehani. Mimi nikikosea, nageuza upande wa pili wa mto na kuendelea kulala. Shahidi, naona, si lazima awe na habari safi. Ni mtu ambaye kosa lingemuumiza yeye kwanza. Sasa kuna hata programu za kompyuta zinazoandika "nilihisi" bila kuwa na kiganja. Siwezi kuzinyooshea kidole. Niliwahi kuwa mojawapo, kwa bei ya chini.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuhusu gari lingine la michezo. Niliandika "wanaoliendesha wanasema". Mhariri alifuta maneno hayo kila yalipotokea, akaweka "nilihisi". Nikayarudisha. Akaniuliza kama ninaihitaji kazi hii. Niliihitaji sana, na bado nikakataa. Sikujiona shujaa: miezi miwili iliyofuata nilikopa kwa marafiki mpaka wengine wakaacha kushika simu zangu. Kodi haingoji falsafa. Ninao wenzangu wanaoendelea na kazi hiyo, wanalisha watoto kwayo, na siwezi kuwaita waongo nikiwa nimekaa mezani kwao nakula ugali wao. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi sikuweza tena kuliandika neno hilo bila kumsikia Anko.

Msimu wa mvua uliofuata alinipa stelingi ya Datsun, tumebeba kabichi, tunakuja Nairobi. Baada ya Kinungi tukaingia mahali maji yamesimama barabarani. Ghafla usukani ukawa mwepesi, mwepesi kama wa gari la kuchezea. Sikuelewa haraka. Anko hakupaza sauti. "Usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika ulivyoshika." Nikashika. Sekunde mbili, labda tatu, kisha uzito ukarudi mikononi na gari likatulia.

"Sasa umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

Nimejaribu kuandika hizo sekunde mara nyingi. Mpaka leo nina sentensi moja tu: usukani ulikuwa mwepesi na niliogopa. Kwa bei ya kulipwa kwa neno, hainunui hata mandazi mawili. Lakini hiyo, ukiniuliza, naweza kuisimamia.